Mgonjwa wa CJD Kazini Kwako: Nini cha Kuogopa na Nini si cha Kuogopa



Dada mmoja alinipigia simu usiku, saa tano ilikuwa imeshapita. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku magharibi mwa Sydney. "Dada, samahani kukusumbua saa hizi," aliniambia. "Leo wametuletea mgonjwa, wenzangu wanasema ana ugonjwa wa ng'ombe wazimu. Nimemlisha, akakohoa, mate yakanirukia mkononi. Nimefika nyumbani nimewakataza watoto wasinisogelee. Nifanye nini?"

Nilimwuliza msimamizi wake amemweleza nini. Akasema hakuna aliyemweleza chochote. Jina la ugonjwa aliliona kwenye faili, yaliyobaki aliyasoma mwenyewe kwenye intaneti akiwa ndani ya treni.

Simu ya namna hii si ya kwanza kwangu. Wengi wetu hapa Australia tunafanya kazi zinazogusa miili ya watu au ya wanyama: nyumba za wazee, usafi wa hospitali, vyumba vya upasuaji, maabara, mochwari, viwanda vya nyama. Kwa hiyo nimeona niandike kwa kirefu juu ya magonjwa ya prioni, hasa ugonjwa uitwao CJD. Nataka ujue hatari iko wapi hasa, ili usiogope pasipo na hatari, na usizembee palipo na hatari.

Jibu fupi nililompa yule dada ni hili: hatari ya CJD iko ndani ya ubongo na uti wa mgongo wa mgonjwa. Haiko kwenye mate yake, jasho lake, wala mkono wake. Nikamwambia awakumbatie watoto wake, alale. Sasa jibu refu.

Prioni ni nini?

Magonjwa tuliyoyazoea huletwa na vijidudu: bakteria, virusi, fangasi, au vimelea kama wa malaria. Vyote hivyo ni viumbe au vina chembe za urithi ndani yake. Prioni si kitu cha namna hiyo. Ni protini tu, tena protini ambayo kila mmoja wetu anayo ya kawaida ndani ya ubongo wake. Tatizo linaanza pale protini hiyo inapojikunja vibaya. Ikishajikunja vibaya inazigeuza na zile nzima zilizo jirani yake, nazo zinageuza nyingine, mpaka ubongo unajaa matundu madogo madogo kama sifongo.

Jina la prioni lilitolewa mwaka 1982 na daktari wa Marekani, Stanley Prusiner. Wanasayansi wengi walimbishia wakati huo, lakini mwaka 1997 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa sababu prioni haina uhai, haiuawi kwa njia tulizozoea. Nilipofunzwa uuguzi nyumbani tuliambiwa kwamba otoklevu ya nyuzi joto 121 kwa dakika 15 inamaliza kila kitu. Kwa bakteria na virusi ni kweli. Kwa prioni haitoshi. Spiriti haiidhuru, na formalini, ile dawa ya kuhifadhia viungo na maiti, huifanya izidi kuwa ngumu kuondoka. Nililazimika kujifunza upya nilipofika huku.

CJD ni ugonjwa gani?

CJD ni kifupi cha majina ya madaktari wawili wa Ujerumani, Creutzfeldt na Jakob, walioandika juu yake mwaka 1920 na 1921. Mgonjwa huanza kusahau, kuyumba anapotembea, kuona vitu vibaya, misuli kurukaruka. Kinachoutofautisha na ugonjwa wa kawaida wa uzee wa kupoteza kumbukumbu ni mwendo wake. Ule wa kawaida huchukua miaka. CJD huchukua miezi, na wagonjwa wengi hufariki kabla ya mwaka kwisha. Hakuna dawa ya kuuponya wala chanjo.

Ni ugonjwa wa nadra. Duniani kote unampata mtu mmoja hadi wawili kati ya kila watu milioni moja kwa mwaka. Kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 27 kama Australia, hiyo ni kama watu 27 hadi 54 kwa mwaka. Zipo aina hizi:

- Unaojitokea wenyewe bila sababu inayojulikana. Hawa ni kama 85 kati ya wagonjwa 100, wengi wao wenye umri wa miaka 60 kwenda juu.
- Unaorithiwa katika ukoo. Kati ya 10 na 15 katika kila 100.
- Unaoambukizwa. Chini ya mmoja katika kila 100.

Ugonjwa wa ng'ombe wazimu ni jambo jingine. Uligunduliwa kwa ng'ombe wa Uingereza mwaka 1986, na mwaka 1996 ikatangazwa kwamba huenda watu waliokula nyama yenye prioni hizo walikuwa wakipata aina mpya ya CJD, wengi wao vijana. Uingereza ilipoteza watu 178. Australia haijapata mgonjwa hata mmoja wa aina hiyo. Kwa hiyo mzee unayemhudumia Blacktown au Liverpool mwenye CJD, karibu kwa hakika ana ile inayojitokea yenyewe au ile ya ukoo. Hakuipata kwa ng'ombe, na si vizuri kumwita kwa jina hilo mbele ya familia yake.

Inaambukizwaje basi?

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Tazama kila tukio ambalo binadamu aliambukizwa na binadamu mwenzake, utaona mstari mmoja umepita katikati yake.

Mwaka 1974 iliripotiwa Marekani kwamba mtu aliyepandikizwa kioo cha jicho la marehemu alipata CJD. Miaka hiyo hiyo ya 1970, huko Zurich, Uswisi, vijana wawili waliambukizwa na nyaya nyembamba zilizoingizwa ndani ya ubongo wao kupima kifafa. Nyaya hizo zilikuwa zimetumika kwenye ubongo wa mgonjwa wa CJD, zikasafishwa kwa spiriti na mvuke wa formalini. Katika nchi mbalimbali watu wengine waliambukizwa kwa utando wa ubongo wa maiti uliotumika kuziba majeraha ya kichwani.

Na hapa hapa Australia, kuanzia 1967 hadi 1985, serikali iliendesha mpango wa kutibu watoto wafupi na wanawake waliokosa uzazi kwa homoni zilizotolewa kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa maiti. Watu wapatao 2,100 walichomwa sindano hizo, na wanawake wanne waliotibiwa utasa walikufa kwa CJD. Uchunguzi wa serikali ulitoa ripoti mwaka 1994. Tangu 1993 ipo ofisi ya kitaifa huko Melbourne inayofuatilia kila mgonjwa wa CJD nchini, na tangu 2006 ugonjwa huu ni wa lazima kuripotiwa katika majimbo na maeneo yote.

Kuna na habari ya kuru, ugonjwa wa watu wa kabila la Fore huko Papua New Guinea, wakati nchi hiyo ikitawaliwa na Australia. Wanawake na watoto ndio waliokuwa wakiandaa na kula ubongo wa jamaa zao waliofariki, kwa heshima ya marehemu. Ndio waliokufa wengi. Mila hiyo ilipokomeshwa, ugonjwa ukapungua taratibu, ingawa wapo waliougua zaidi ya miaka 50 baada ya kula.

Umeuona huo mstari? Ubongo, utando wa ubongo, tezi ya ubongo, jicho. Na kila mara kitu hicho kiliingizwa ndani ya mwili wa mtu mwingine: kwa kisu, kwa sindano, kwa kupandikiza au kwa kula. Hakuna mke aliyethibitika kuambukizwa CJD kwa kulala kitanda kimoja na mume mgonjwa. Hakuna muuguzi aliyethibitika kuambukizwa kwa kumwosha, kumlisha au kumbeba mgonjwa.

Damu inahitaji neno lake. Ile CJD ya ng'ombe wazimu iliwahi kupita kwa damu ya kuongezewa kwa watu wachache sana huko Uingereza. Ile inayojitokea yenyewe haijawahi kuonekana kupita kwa damu.

Sasa tuangalie kazi moja moja

*Wahudumu wa wazee, wauguzi wa wodini na wanaohudumia wagonjwa majumbani*

Mwongozo wa serikali ya Australia kuhusu CJD uko wazi. Mgonjwa huyu hahitaji kutengwa, wala chumba cha peke yake kwa sababu ya maambukizo. Mate, makohozi, jasho, mkojo, kinyesi na matapishi yake unayashughulikia kama ya mgonjwa mwingine yeyote: glovu, aproni, kunawa mikono. Sahani zake zinaoshwa na za wengine. Shuka zake zinafuliwa na za wengine. Unaweza kumshika mkono, kumchana nywele na kumpaka mafuta bila glovu kama ngozi yako na yake ni nzima.

Hatari kubwa kwako kwa mgonjwa huyu ni mgongo wako. Misuli yake inakakamaa na kurukaruka, anaanguka, hawezi kujigeuza. Tumia mashine ya kunyanyulia na mfanye wawili.

*Wasafishaji na watu wa dobi*

Kwa chumba cha mgonjwa wa CJD wodini, usafi ni ule ule wa kila siku. Ukiambiwa usafishe chumba cha upasuaji au cha mochwari palipomwagika kitu cha ubongo au uti wa mgongo, hilo ni jambo jingine. Usianze mpaka umepewa maelekezo, vifaa na mtu wa kukusimamia. Hapo hutumika jiki kali sana au soda kali kwa saa nzima, na dawa hizo zenyewe zinaunguza ngozi na macho.

*Chumba cha upasuaji na chumba cha kutakasa vifaa*

Hapa ndipo tahadhari ya kweli inapoanza. Upasuaji wa ubongo, wa uti wa mgongo, wa nyuma ya jicho na wa ndani kabisa ya pua ndio unaogusa sehemu zenye prioni nyingi. Prioni hunata kwenye chuma, na zikikauka hapo hunata zaidi. Kwa hiyo:

- Usiache kifaa kikauke. Kiwe na unyevu tangu kinapotoka mkononi mwa daktari.
- Usikiloweke kwenye spiriti wala formalini.
- Andika kila seti imetumika kwa mgonjwa gani. Orodha hiyo ndiyo itakayoonyesha nani aliguswa na kifaa gani iwapo ugonjwa utagundulika baadaye.
- Vifaa vilivyogusa ubongo wa mgonjwa anayejulikana kuwa na CJD haviingii kwenye mzunguko wa kawaida. Huwekwa kando au huteketezwa kwa moto, kufuatana na mwongozo.
- Otoklevu inayotumika dhidi ya prioni ni ya nyuzi joto 134 kwa dakika 18. Hata hivyo haifanyi kazi kama kifaa hakikusafishwa vizuri kwanza.

Maji ya uti wa mgongo yanayochotwa kwa sindano yana hatari ndogo kuliko ubongo wenyewe, lakini yahesabu kuwa na hatari. Vaa glovu na kinga ya macho, na sindano itupwe mara moja kwenye kisanduku chake.

*Maabara*

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na kwenye maabara ya prioni tiba yenyewe haipo. Mwaka 2010 mtumishi mmoja kijana wa maabara ya utafiti nchini Ufaransa alikuwa akisafisha mashine ya kukata vipande vya ubongo wa panya walioambukizwa prioni za ng'ombe wazimu. Kibano kilipenya glovu mbili kikamchoma kidole gumba, damu ikatoka. Dalili zilianza 2017, miaka saba na nusu baadaye. Alifariki 2019 akiwa na miaka 33. Mwaka 2021 mtumishi mwingine wa maabara za nchi hiyo, aliyekwisha staafu, naye alipatikana na ugonjwa wa prioni, na Julai mwaka huo taasisi za utafiti za Ufaransa zikasimamisha kwa muda kazi zote za prioni.

Hao walikuwa wanashika prioni zenyewe, kwa wingi, na vyombo vyenye ncha. Kama kazi yako ni kupokea mirija ya damu na mkojo, hiyo si hali yako. Kama unakata au kusafisha vitu vya ubongo, vaa glovu zisizokatwa na kisu, tumia vyombo visivyo na ncha kila inapowezekana, na usifanye kazi hiyo ukiwa peke yako wala ukiwa umechoka.

*Mochwari, na ndugu zetu wanaoosha maiti*

Swali hili nimeulizwa na Waislamu na Wakristo. Je, maiti ya mtu aliyekufa kwa CJD anaweza kuoshwa, kukafiniwa, kuagwa? Ndiyo. Kama kichwa hakikufunguliwa, maiti anaoshwa kwa glovu na aproni kama tahadhari ya kawaida kwa maiti yeyote. Familia wanaweza kumgusa na kumbusu.

Jambo linabadilika kama hospitali ilifungua kichwa kuchunguza ubongo. Hapo kunaweza kuvuja majimaji kwenye mshono. Waulize watu wa mochwari kabla hujaanza: kichwa kilifunguliwa? Pameshonwa na kufunikwa vizuri? Kuna sehemu nisiguse? Kama panavuja, simamisha na uwaite. Na kama familia inataka kumsafirisha marehemu kwenda Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, mwambieni mtu wa mazishi mapema kwamba ni CJD, maana yeye ndiye atakayeingiza dawa kwenye maiti na ana masharti yake ya kufuata.

*Machinjio na viwanda vya nyama*

Ndugu zetu wengi, hasa waliotoka Kongo na Burundi, wameanzia maisha kwenye viwanda vya nyama vya miji ya ndani ya New South Wales. Habari njema: ng'ombe wa Australia hawajapatikana na ugonjwa wa ng'ombe wazimu, na tangu 1997 ni marufuku kuwalisha ng'ombe na kondoo chakula kilichotokana na nyama na mifupa ya wenzao, njia ambayo Uingereza ilieneza ugonjwa ule. Hata Uingereza kwenyewe, waliougua hawakuwa wachinjaji zaidi ya watu wengine. Waliponzwa na chakula.

Lakini hiyo si ruhusa ya kuchezea ubongo. Mwaka 2007, kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe katika mji wa Austin, jimbo la Minnesota, Marekani, wafanyakazi waliokaa karibu na meza ya vichwa walianza kufa ganzi miguu na kushindwa kutembea. Kazi pale ilikuwa kutoa ubongo kwa kupuliza hewa yenye nguvu, na ubongo ulikuwa ukiruka hewani kama ukungu. Haikuwa prioni. Ilikuwa kinga ya miili yao wenyewe iliyochokozwa na ubongo walioupumua, ikageuka kushambulia mishipa ya fahamu. Wengi wao walikuwa wahamiaji kama sisi, na mkalimani wa hospitali alikuwa miongoni mwa wa kwanza kugundua kwamba anatafsiri maelezo yale yale kwa wagonjwa tofauti. Kiwanda kiliacha kupuliza, na wagonjwa wengi walipata nafuu.

Kwa hiyo kama unapasua vichwa au unakata mgongo kwa msumeno, vaa kinga ya uso na uulize hewa inatolewaje.

Na hatari iliyo karibu yako zaidi kwenye machinjio ya Australia inaitwa homa ya Q. Bakteria wake wako kwenye vumbi, mkojo, maziwa na hasa kondo la nyuma la mbuzi, kondoo na ng'ombe. Chanjo ipo hapa Australia, inatolewa mara moja tu maishani, baada ya kipimo cha damu na cha ngozi. Usianze kazi ya machinjio bila kuiulizia.

Ukichomwa au ukirukiwa

1. Acha kazi hapo hapo. Osha kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Usisugue kwa brashi, usimwagie jiki kwenye kidonda.
2. Kama ni jicho au mdomo, suuza kwa maji safi mengi.
3. Mwambie msimamizi wako dakika hiyo hiyo, hata kama shifti inaisha.
4. Andika fomu ya tukio: saa, mahali, kifaa gani, kilikuwa kimegusa nini. Baki na nakala yako.
5. Onana na daktari siku hiyo hiyo.

Hatua ya tano isikupite, na sababu yake si CJD. Kwa CJD hakuna dawa ya kuzuia baada ya kuchomwa. Lakini mgonjwa huyo huyo anaweza kuwa na homa ya ini B, homa ya ini C au virusi vya UKIMWI bila mtu kujua. Kwa mtu asiyechanjwa, sindano yenye homa ya ini B inaweza kuambukiza hadi watu 30 kati ya 100 wanaochomwa. Kwa virusi vya UKIMWI ni kama 3 kati ya 1,000. Dawa za kuzuia zipo, na zile za UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo. Nimeona mtu akikesha akiwaza juu ya prioni, huku saa za dawa aliyoihitaji kweli zikipita.

Haki zako

Najua kwa nini wengi wetu tunanyamaza. Viza, kazi ya kuitwa siku kwa siku, bosi ambaye akikasirika hakupigii simu tena. Lakini sheria ya usalama kazini ya New South Wales ya mwaka 2011 inamlinda kila mfanyakazi, wa kudumu au wa muda, aliyeajiriwa moja kwa moja au kupitia wakala. Mwajiri lazima akupe mafunzo, vifaa vya kinga na maelezo unayoyaelewa. Una haki ya kusimamisha kazi yenye hatari kubwa ya papo hapo. Ukiumia kazini, fidia ipo. SafeWork NSW ndiyo ofisi inayosimamia usalama kazini. Ukitaka mkalimani wa Kiswahili piga TIS, namba 131 450, watakuunganisha kwa simu.

Angalia lakini: haki ya kukataa kazi ya hatari si haki ya kukataa kumlisha mgonjwa wa CJD. Huyo hana hatari hiyo.

Maswali ya haraka

*Niliishi Uingereza kabla ya kuja Sydney. Naweza kutoa damu?* Zamani aliyekaa Uingereza miezi sita au zaidi kati ya 1980 na 1996 alikatazwa. Katazo hilo liliondolewa Julai 2022. Nenda ukajaribu, damu ya watu wetu inahitajika.

*Mama yangu anasahau sana. Ni CJD?* Kama amekuwa akisahau kidogo kidogo kwa miaka, haielekei kabisa. Kama amebadilika ndani ya wiki chache, anayumba na misuli inaruka, mpeleke hospitali bila kuchelewa. Yapo magonjwa mengine yanayofanana na hayo na yana tiba.

*Familia yetu imepata wagonjwa wawili.* Mwombe daktari wako wa familia akupeleke kwa mtaalamu wa magonjwa ya kurithi. Hiyo haina uhusiano na kazi yako.

Neno la mwisho

Mwaka wangu wa kwanza kwenye wodi za huku nilipangiwa mgonjwa wa CJD. Nilikuwa mgeni, sikutaka kuonekana sijui, sikuuliza. Nilivaa glovu mbili na barakoa, nikaweka sinia ya chakula mlangoni, nikatoka. Alikuwa mwalimu mstaafu, hakuweza tena kushika kijiko. Mkewe alikuja saa nane mchana akakuta chakula kimepoa. Hakunigombeza. Aliketi akamlisha kwa mkono wake mtupu, akamfuta mdomo kwa kiganja, mimi nimesimama na glovu zangu. Alifariki wiki ya tatu yake. Ningeuliza swali moja tu asubuhi ile, asingeshinda njaa.

Yule dada aliyenipigia alirudi kazini kesho yake. Jioni aliniandikia ujumbe kwamba amemlisha mgonjwa wake, ameongea naye ingawa hajibu, na amemwomba msimamizi awaite wafanyakazi wote waelezwe. Wamepangiwa Alhamisi.

Nawe ukiona jina usilolijua kwenye faili, uliza kabla ya kwenda kutafuta kwenye intaneti. Uliza siku hiyo hiyo, kwa Kiingereza chochote ulicho nacho au kwa mkalimani.

Afya njema kwenu nyote.

*Angalizo: makala haya ni ya elimu tu. Hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari wako wala mwongozo wa mahali pako pa kazi. Kwa dharura piga 000.*